Falsafa ya wakimbizi kama kazi: mwongozo kamili kwa anayeanzia Goma

Kila mwaka, muda wa kuchagua mada za memwari, andiko la kumaliza chuo, unapofika, wanafunzi wawili watatu hunisimamisha koridoni, mimi mwalimu msaidizi. "Asistanti, mimi nataka kuandika juu ya wakimbizi." Namuuliza swali lake ni lipi. Ananijibu: "Wakimbizi na haki za binadamu." Hiyo ni mada, swali bado. Na katika mji huu, ambapo karibu kila nyumba imewahi kukimbia au kumpokea aliyekimbia, maswali hayatukosi. Kinachotukosa ni mtu wa kutuonyesha namna swali la barazani linavyogeuka kuwa hoja ya falsafa, na hoja hiyo inavyoweza siku moja kukulisha. La kwanza nitalieleza kwa urefu, maana ndilo linalobeba la pili.

Jambo moja kabla hatujaanza. Wengi walioandika falsafa hii wameiandika wakiwa ndani ya nyumba, wanajiuliza nani afunguliwe mlango. Nyumba yenyewe ni ya tajiri. Lakini karibu robo tatu ya wakimbizi wa dunia wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na Kongo peke yake mwaka 2024 ilikuwa na watu karibu milioni 7 waliohama makwao bila kuvuka mpaka wowote. Anayeandika kutoka Goma amewahi kubisha mlango, na amewahi kubishiwa, pengine ndani ya mwaka mmoja. Huo ndio mtaji wako. Ukiutupa ili ufanane na mtu wa Oxford, utakuwa mtu wa Oxford mwenye intaneti mbovu.

Hatua ya 1: Tafuta swali

Chukua mfano wa Mei 2021. Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wa Goma, ililipuka jioni ya tarehe 22. Siku tano baadaye, alfajiri, mkuu wa jimbo alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Sisi tulikuwa mtaa wa Majengo. Jirani wa kushoto alibeba watoto wake akavuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Sisi tulishika barabara ya Sake, ndani ya Kongo, godoro juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, sufuria zimekunjwa ndani ya godoro. Volkano ni ileile, hofu ni ileile, njaa ya jioni ni ileile. Yeye alivuka mpaka, sisi hatukuvuka. Je, ule mstari wa kwenye bariera ya mpakani unaongeza nini katika haki ya mtu kusaidiwa?

Hilo ni swali. Lipime hivi: kama mtu wa takwimu anaweza kulijibu kwa kuhesabu, si lako. Kama mwanasheria anaweza kulijibu kwa kufungua kifungu, si lako pia. Lako ni lile ambalo hata baada ya hesabu na vifungu kumalizika, watu wawili wenye akili timamu bado wanabishana, na kila mmoja ana sababu.

Nunua daftari dogo, uandike maswali ya namna hiyo kwa miezi mitatu, bila haraka ya kuyajibu. Yangu ya mwanzo yalikuwa haya: Familia iliyopokea watu kumi na wawili katika vyumba viwili, inaidai nini dola, yaani serikali, ambayo haikuja? Mtu anayevuka kila asubuhi kuuza nyanya na kurudi jioni, anakuwa mgeni saa ngapi? Watu walioondoka kambini kwa sababu kambi imevunjwa, tunaweza kusema "wamerudi" nyumbani kwa hiari? Hilo la mwisho tuliliona kwa macho Februari 2025, kambi za pembezoni mwa Goma zilipobaki miti na vipande vya bashi, yale maturubai ya vibanda. Huko nje yupo aliyeandika kitabu kizima juu ya maadili ya kurudisha wakimbizi, Mollie Gerver, mwaka 2018. Kwa hiyo swali lako la kwa jirani lina wenzake duniani.

Hatua ya 2: Sheria, wiki mbili tu

Wanafalsafa wetu huidharau sheria, halafu wanaaibika mbele ya jury, jopo la watahini. Soma maandishi matano, yote ni mafupi. Mkataba wa Geneva wa 1951 unasema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya asili, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Protokoli ya 1967 iliondoa mipaka ya tarehe na ya Ulaya iliyokuwamo. Mkataba wa OAU wa 1969, uliotiwa saini Addis-Abeba, ulipanua: hata anayekimbia uvamizi, kukaliwa kwa nchi yake, au matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma, ni mkimbizi. Angalia tofauti hiyo kwa makini. Geneva inamtafuta mtesaji na yule anayelengwa. Addis-Abeba inatazama hali, na inakubali kwamba kijiji kizima kinaweza kukimbia bila mtu yeyote kulengwa kwa jina. Kisha Mkataba wa Kampala wa 2009 juu ya waliohama ndani ya nchi zao, wale tunaowaita wadeplase. Mwisho, sheria yetu wenyewe namba 021/2002 ya 16 Oktoba 2002, iliyounda Tume ya Taifa ya Wakimbizi.

Ukipata siku ya ziada, soma sheria za uraia wa Kongo: ya 1972, ya 1981, ya 2004. Utaona uraia uleule ukitolewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine. Vurugu nyingi za Kivu zimepita katika maandishi hayo makavu.

Hatua ya 3: Soma kwa mpangilio

Usianze na vitabu vinene. Anza na insha fupi ya Hannah Arendt ya 1943 juu ya wakimbizi. Arendt alikimbia Ujerumani mwaka 1933, akafungwa katika kambi ya Gurs, Ufaransa, mwaka 1940, akafika New York 1941. Insha inaanza kwa kusema kwamba wao hawapendi kuitwa wakimbizi. Nilipowasomea wanafunzi mstari huo, binti mmoja kutoka Masisi alicheka, akasema, "Huyo mama amekaa Kanyaruchinya," kambi ya hapa kwetu. Kisha usome sura yake ya 1951 kuhusu watu wasio na dola, ile yenye wazo la haki ya kuwa na haki: mtu aliyepoteza uraia hapotezi haki moja moja, anapoteza mahali ambapo neno lake linasikilizwa.

Halafu ugomvi mkubwa wa mipaka. Michael Walzer, 1983, anasema uanachama katika jamii ni kitu cha kwanza ambacho watu hugawiana, na wanachama wana haki ya kuamua nani aongezwe, ingawa wana deni kwa aliye hatarini. Joseph Carens, 1987, anampinga: kuzaliwa raia wa nchi tajiri kunafanana na kuzaliwa mtoto wa bwana mkubwa enzi za ukabaila, ni bahati inayolindwa kwa bunduki. David Miller, 2016, anarudi kuitetea haki ya taifa kujiamulia. Wasome wote watatu kabla hujachagua upande. Mwanafunzi anayemsoma Carens peke yake huandika mahubiri.

Baada ya hapo, wale wanaomshughulikia mkimbizi mwenyewe. Andrew Shacknove, 1985, ndiye aliyenitoa usingizini, kwa sababu alijibu swali langu la Sake kabla sijazaliwa. Kwake, kuvuka mpaka si kiini cha ukimbizi. Kiini ni mtu ambaye mahitaji yake ya msingi hayalindwi na dola yake, ambaye hana pengine pa kukimbilia isipokuwa msaada wa kimataifa, na ambaye msaada huo unaweza kumfikia. Matthew Gibney, 2004, anauliza nchi za kidemokrasia zinaweza kubeba kiasi gani. Serena Parekh, 2017 na 2020, anahamisha macho: dhara la kwanza ni kufukuzwa kwako, la pili ni maisha ya miaka na miaka kambini, na hilo la pili lina wenyewe, kwa kuwa limetengenezwa na mfumo wa dunia. David Owen, 2020, anaugeuza ukimbizi kuwa suala la uhalali wa mfumo mzima wa madola: dola moja ikishindwa, zilizobaki zinadaiwa kuziba pengo.

Kwa Kifaransa, msome Étienne Balibar kuhusu mipaka na Michel Agier kuhusu kambi, ingawa Agier ni mwanaanthropolojia. Na usipite bila kumsoma Mudimbe, mwanafalsafa wa Kongo aliyezaliwa Likasi na kufundisha Lubumbashi. Hakuandika juu ya kambi. Kitabu chake cha 1988 kitakufundisha kujiuliza maneno unayotumia yalitoka maktaba ya nani.

Hatua ya 4: Jenga hoja yako

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitafanya moja mbele yako.

Sote tunajua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi huitumia kuonyesha kwamba Waafrika ni wakarimu, au kwamba ukarimu una kikomo. Yote mawili ni uvivu. Tazama methali inasema nini hasa. Siku mbili za kwanza mgeni anapewa kwa sababu amefika. Siku ya tatu hafukuzwi, anapewa kazi. Jembe linamwondoa katika kundi la wanaolishwa na kumweka katika kundi la wanaolima, na anayelima shamba lenu ana sauti kuhusu shamba lenu.

Sasa mlete Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani. Mwaka 1795 aliandika kwamba mgeni ana haki ya kutembelea, maana yake asitendewe kama adui kwa kuwa tu amefika kwenye ardhi ya mwingine, lakini hana haki ya kukaa kama mgeni wa nyumba, hiyo ni hisani ya mwenyeji. Kant anaishia siku ya pili. Methali inaendelea. Halafu iangalie kambi: watu wanapewa posho kwa miaka kumi, na ruhusa ya kufanya kazi ni ya shida. Kambi ni mahali ambapo siku ya tatu haifiki.

Hiyo ndiyo dai. Andika katika sentensi moja: "Kumnyima mkimbizi kazi ni kosa zaidi ya kumnyima posho, kwa sababu kunamzuia kuwa mwanajamii." Sasa jipinge mwenyewe kwa nguvu zote. Pingamizi la kwanza: jembe linaweza kuwa unyonyaji, mgeni akalimishwa bila malipo. La pili, zito zaidi: wenyeji wenyewe hawana ardhi. Ukimpa mgeni jembe Masisi, unamnyang'anya nani shamba? Memwari yenye kujibu pingamizi la pili kwa uaminifu ni bora kuliko ile yenye kurasa 100 za historia ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Na tafadhali, usimwage neno ubuntu kila ukurasa. Likihitajika mara moja, lieleze mara moja.

Hatua ya 5: Memwari na promoteri

Hesabu ya miaka kwanza. Katika mfumo wa LMD: lisansi 3, masta 2, udaktari angalau 3, na kwa kawaida udaktari huzidi. Falsafa inafundishwa katika vyuo vikuu kadhaa nchini, UNILU ya Lubumbashi ikiwa na historia ndefu, na katika filozofa, shule za falsafa za seminari za mapadre, ambazo, tuseme ukweli, mara nyingi zina maktaba bora kuliko vyuo. Ukiwa Goma au Bukavu na kozi ya falsafa ni nyembamba, ingia kupitia sheria au sayansi ya siasa, uchague memwari ya kinadharia. Kamati za nje hazijali jina la kitivo kama zinavyojali kipande ulichoandika.

Promoteri, yaani msimamizi wa memwari, mchague kwa kasi ya kusoma, siyo kwa cheo. Waulize waliomaliza mwaka jana: alirudisha sura baada ya muda gani? Sura yangu ya kwanza ilikaa miezi saba kwenye meza ya mtu, na nilipoirudishiwa ilikuwa na alama moja ya kalamu nyekundu, kwenye koma. Tangu hapo, kila ninapopeleka sura, naambatanisha karatasi yenye maswali mawili tu ninayotaka ajibu. Mtu mwenye shughuli nyingi hujibu maswali mawili.

Hatua ya 6: Vitabu bila maktaba

Stanford Encyclopedia of Philosophy ni bure, na makala yake ya uhamiaji ni mlango mzuri. PhilPapers na PhilArchive zina makala nyingi ambazo waandishi wameziweka wenyewe. Forced Migration Review ya Oxford ni bure na hutoka pia kwa Kifaransa. OpenEdition na Persée kwa Kifaransa. JSTOR, ukijisajili kwa jina lako, inakuruhusu kusoma makala kadhaa kila mwezi mtandaoni bila malipo. Mwombe pia mkutubi wa chuo chako aandikishe chuo katika Research4Life: Kongo iko katika kundi la nchi zinazopata bure, na sehemu yake iitwayo GOALI inahusu sheria na sayansi ya jamii. Kuna vyuo vyetu ambavyo haki hiyo vinayo na hakuna aliyewahi kuiomba.

Makala isiyopatikana, mwandikie mwandishi. Mistari minne: wewe ni nani, uko wapi, unafanyia nini, unaomba makala gani. Wengi hujibu. Pakua usiku mega za intaneti zikiwa rahisi, kisha uchapishe kurasa mbili kwa karatasi moja kwenye sekretaria, duka la kuchapishia. Falsafa haisomeki vizuri kwenye kioo cha simu kilichopasuka.

Kuhusu lugha: Kiingereza cha kusoma ni lazima, maana sehemu kubwa ya mjadala huu uko huko. Tafsiri aya moja kwa siku kwa mkono, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Ukishindwa kuisema kwa Kiswahili, hujaielewa. Mimi hupima hivyo hata aya za Kifaransa.

Hatua ya 7: Ukienda kuongea na watu

Mwanafalsafa halazimiki kufanya mahojiano, ila hapa wengi wetu huyataka. Basi yafanye kwa adabu. Watu wa Goma wamechoka na watafiti wa tableti. Mama mmoja wa kambi ya Bulengo aliniambia, "Mwanangu, wewe ni wa saba. Wa kwanza alituhesabu, na wote waliokuja nyuma yake wametuhesabu." Usiahidi msaada, usijifanye mtu wa shirika, useme mapema kwamba karatasi hii ni ya shule na haitaleta unga.

Usalama: usiandike jina la mtu kwenye daftari, andika namba. Orodha ya majina na namba isitembee pamoja na daftari, na bora isiwepo kabisa. Hapa mfuko wako unaweza kufunguliwa kwenye bariera yoyote ya barabarani, na aliyekuambia ukweli ndiye atakayelipa. Sauti usirekodi isipokuwa kuna sababu nzito.

Kisha urudi. Nilirudi na kurasa nne kwa Kiswahili, nikamsomea yule mama pale alipokuwa amepanga baada ya kambi kuvunjwa. Alinikatiza kwenye neno "mwenyeji". Akasema aliyempokea naye alikuwa amehama kutoka Rutshuru miaka mitatu kabla. Nilivunja sura ya tatu nikaiandika upya, na hiyo ndiyo sura ambayo jury iliijadili.

Hatua ya 8: Maombi ya nje

Udaktari wa falsafa ya siasa ulio na pesa huja kwa sura mbili. Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia, mara nyingi ni ajira: tangazo linatoka, unaomba kama unavyoomba kazi, unalipwa mshahara. Marekani unaomba kuingia chuo, na vyuo vikubwa hugharamia miaka mitano hivi. Matangazo yatafute kwenye tovuti za Euraxess na PhilJobs. Kwa masta, tazama ufadhili wa ARES na VLIR-UOS za Ubelgiji, wa DAAD ya Ujerumani, na EMMIR, masta ya uhamiaji inayoratibiwa na chuo kikuu cha Oldenburg. Kama wewe mwenyewe una hadhi ya mkimbizi, tuseme uko Uganda au Burundi, ulizia DAFI, ufadhili wa UNHCR unaolipia digrii ya kwanza.

Kinachoamua ni kipande cha maandishi, kurasa 15 hadi 20, chenye hoja moja. Usitume sura ya muhtasari wa vitabu. Tuma ile ya jembe na mashamba. Barua ya pendekezo iombwe wiki sita kabla, ukimpa prof karatasi yenye mambo matatu uliyoyafanya chini yake, la sivyo ataandika kwamba wewe ni kijana mwenye nidhamu. Pasipoti ianze kabla ya yote. Benki za Goma zilipofunga mwaka 2025, wenzangu wawili walikosa namna ya kulipa ada ya maombi, kwa hiyo chagua programu zisizodai ada, au andika uombe kusamehewa. Hiyo inakubalika, na mara nyingi wanakubali.

Hatua ya 9: Kuchapisha, na kula

Kutoka asistanti kwenda CT (chef de travaux, cheo kinachofuata) kunahitaji makala zilizochapishwa, na hapo ndipo matapeli wanapokusubiri. Ukipata barua pepe inayokuita "Dear Eminent Professor" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa dola 120, ifute. Mimi nililipa, na makala yangu leo iko kwenye tovuti isiyofunguka. Jarida la kweli linakukawiza, linakurudishia maoni ya wasomaji wasiokujua, na mara nyingi linakukataa. Jarida la Political Philosophy, lililoanzishwa 2024, halimtozi mwandishi wala msomaji. Kiwango chake ni kikali, lakini kukataliwa kwa sababu zilizoandikwa ni darasa la bure.

Na mkate. Ukipewa uasistanti katika chuo cha serikali utaanza kama NU, mtu mpya ambaye hajamekanizwa, yaani hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na unaweza kukaa miaka ukila prime, posho ya chuo, peke yake. Mashirika yatakuita ufanye ankete, kazi ya kuhoji watu, kwa siku kumi, na siku kumi hizo zitalipa kuliko semesta. Kubali, lakini kwa mkataba unaosema muda wa mwisho, na weka asubuhi mbili za juma ambazo haziuzwi. Mimi nimeweka Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa mbili, kabla watoto hawajaanza kutafuta viatu. Sura tatu za tasnifu yangu zimetoka kwenye masaa hayo. Ya nne iko mezani, na umeme umekatika tangu jana.